Nyongeza ya Baba

Watu wakisikia kwamba binti yangu anashindana kwa gokati, swali lao la kwanza huwa ni kama haogopi, na la pili huwa ni kama anashinda. Mimi hulisubiri la tatu, ambalo huja polepole, chai ikishamiminwa: hizo mbio zina sheria gani? Hapo ndipo ninapovuta kiti karibu. Nimefundisha hesabu katika shule za msingi hapa Machakos kwa miaka mingi, na mtu akiniuliza jambo asilolielewa huwa nahisi amenipa zawadi.

Basi nieleze kwanza, kwa maana bila maelezo hayo kilichompata baba yangu hakitaeleweka.

Gokati ni gari dogo lisilo na paa, wala milango, wala gia. Lina fremu ya mabomba, magurudumu manne madogo, kiti cha plastiki ngumu, usukani, na injini iliyofungwa ubavuni ambayo huzungusha ekseli ya nyuma kwa mnyororo kama wa pikipiki. Mtoto anayeliendesha huketi chini sana, karibu na lami kuliko paka. Washindani hugawanywa kwa madaraja, na ili ujue daraja lako unajibu maswali matatu: una umri gani, unatumia injini gani, na wewe na gari lako kwa pamoja mna uzito gani. Ni hayo tu. Kurasa nyingine zote za kitabu cha sheria, nazo ni nyingi, ni za kuwazuia watu wazima wasiyajibu maswali hayo kwa ujanja.

Umri hauna shida. Injini ndiyo huwachanganya watu. Katika daraja la watoto wadogo, wote hutumia injini ya aina moja na ukubwa mmoja, ndugu wa karibu wa zile injini za pampu ya maji na jenereta. Boliti zake zimefungwa kwa waya wenye muhuri, na muhuri huo hauvunjwi na mzazi wala fundi wa mtaani. Ukimruhusu kila mzazi aifungue injini, mwenye uwezo ataenda kuchongesha vyuma vya ndani, mwingine atamfuata, na baada ya muda mfupi watoto watakuwa wamekalia mashindano ya baba zao.

Halafu kuna kibati. Kati ya kabureta na injini huwekwa kipande chembamba cha bati chenye tundu katikati, na hewa yote ambayo injini inavuta lazima ipite katika tundu hilo. Tundu likiwa dogo, hewa ni kidogo, na nguvu ni kidogo. Mtoto akikua akapanda daraja, injini yake inabaki ile ile, ila kibati kinabadilishwa na kuwekwa chenye tundu kubwa zaidi. Mimi huwaambia watu wamfikirie mtoto anayekunywa uji kwa mrija. Ukitaka anywe polepole humnyang'anyi kikombe. Unampa mrija mwembamba.

Uzito nitaueleza wakati wake ukifika.

Baba amekuwa mtu wa injini maisha yake yote. Alikuwa na mashine ya kusaga unga kule Masii, chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko, na injini ya dizeli iliyosikika mpaka shuleni kwetu. Siku za soko wanawake walipanga foleni na mahindi yao, na yeye alitoka jioni akiwa na unga kwenye kope kama mtu aliyezeeka mchana mmoja. Mama alikuwa akimpangusa kwa kona ya leso kabla hajamruhusu kuketi mezani. Nilikuwa nikidhani kila baba hupanguswa hivyo.

Aliuza pia unga wa mahindi kwa gorogoro, kile kikopo ambacho sote tunakipimia nafaka. Alikijaza, akapitisha kiganja juu ili kisawazike, akamimina kwenye mfuko wa mteja, kisha akaingiza mkono guniani na kuongeza konzi moja. Hakuwahi kuruka konzi ile, hata kwa mtu aliyekuwa na kesi naye kwa chifu.

"Hiyo ya kwanza ni ya pesa," alikuwa akiniambia. "Hii ni ya mtu."

Ufundi wake ulikuwa hivyo hivyo. Ukimletea pampu yenye plagi mbovu, ingerudi na plagi mpya, mpini umekazwa, na mahali palipokuwa na kutu pamepigwa msasa. Hakutoza hayo mengine. Alisema huwezi kumrudishia mtu kitu chake vile kilikuja, ni kama kumwambia hukumwona.

Mama alipofariki, na mashine za stima zikawa zimeingia kila kona, Baba alifunga kile chumba. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kupata ukungu. Tulimchukua akaja kukaa nasi mjini. Yeye huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mjukuu wake humwita umau, babu. Alikuja na koti lake, redio yake, na kopo la biskuti lililojaa spana.

Sikutarajia kwamba gokati ndiyo ingemfanya ajisikie yuko nyumbani. Lakini siku tulipoleta lile gari kuukuu, tulilolipata kwa familia ambayo mtoto wao alikuwa ameacha mbio, Baba aliinama juu ya injini, akaipapasa kutoka juu hadi chini kama mtu anayemtambua ndama, akasema, "Hii ni pampu ya maji imevaa nguo za Jumapili."

Tangu hapo walikuwa wawili, yeye na mjukuu wake. Kwenye mbio alisimama nyuma ya ua wa waya akisikiliza, kwa maana kuona hakuona, na binti yangu akitoka alimwambia, "Ile kona ya mwisho unaachilia mguu mapema. Unaogopa nini pale?" Naye alijibu, "Kuna shimo, Umau." Baba alikuwa anajua kona zote za uwanja ule kwa masikio.

Jioni nilimsomea kitabu cha sheria barazani. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikitafsiri, nusu Kikamba nusu Kiswahili, na yeye akibishana na kila kifungu kana kwamba aliyekiandika ameketi hapo nasi.

"Hapa wanasema petroli wote tuchukue kwa pampu moja, ile wamechagua wao," nilimwambia.

"Kwa nini? Petroli ni petroli."

"Ili mtu asitie dawa ya kuongeza nguvu."

"Kuna mtu anaweza kutilia mtoto dawa kwa petroli?"

"Baba, kuna wazazi."

Alifikiri kidogo. "Endelea."

Tulipofika kwenye muhuri wa injini, aliuliza, "Ni kama ile ya mita ya stima?"

"Kama hiyo hiyo."

"Basi siigusi."

Na kweli hakuugusa. Naomba hilo likumbukwe.

Sasa uzito. Sheria inasema gari pamoja na dereva wake, akiwa na ovaroli na kofia yake ngumu, visipungue kiwango fulani. Ni haki, kwa sababu mtoto mwembamba angekimbia kuliko mnene kwa injini ile ile. Kwa hiyo mwembamba hubebeshwa vipande vya risasi, ile metali laini na nzito, vinavyofungwa kwenye kiti kwa boliti. Binti yangu ni mwembamba kama kalamu. Baba alienda kwa fundi wa matairi, akaomba vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu ambavyo hutupwa, akaviyeyusha nje kwenye sufuria iliyotoboka ubavuni, na kumimina ndani ya kopo la samaki. Kilitoka kipande kizuri, kipana, chenye kona za mviringo. Kilichosalia alikimimina kwenye kifuniko cha chupa kubwa, kikatoka kingine kidogo, cha kujaa kiganja. Vyote viwili alivitoboa tundu la boliti.

Nilipima. "Hiki kikubwa kinatosha, Baba."

"Na hiki?"

"Hakihitajiki. Tumetosha."

Alikitazama kile kidogo, akakitia kwenye kopo lake la biskuti.

Kabla ya mbio za mwisho za msimu, mambo matatu yalitokea karibu pamoja. Baba alifanyiwa upasuaji wa jicho moja kuondoa ule ukungu, na daktari akamwambia ataona vizuri. Binti yangu alipata homa iliyomlaza wiki nzima, hata suruali zake zikawa zinamshuka. Na mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha rundo kwa rundo. Gokati ilikuwa imekaa muda bila kuwashwa, nikamwomba Baba aisafishe kabureta.

Alikaa nayo barazani asubuhi yote, miwani myeusi ya hospitali ameipandisha kwenye paji la uso. Nilimwona nikipita na vikombe. Alikuwa ameinua kitu kwenye mwanga, akikigeuzageuza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Masii. Nilidhani anafurahia macho.

"Mwaitu, nimeiosha ikawa safi," aliniambia alipomaliza. "Na nimeongeza kitu kidogo."

Nilidhani ameupaka mnyororo mafuta.

Jumapili ile tulienda misa ya kwanza, kisha tukashuka Athi River, kwenye uwanja ulio upande wa mbugani. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo tulikuwa watatu. Baba alivaa koti na kofia ya kanisani. Alikuwa amesikia mbio nyingi, lakini hizi ndizo za kwanza ambazo angeziona, na njiani alimuuliza mjukuu wake kofia yake ya mbio ni ya rangi gani, asije akamshangilia mtoto wa wenyewe.

"Nyeupe, Umau."

"Nyeupe kabisa?"

"Iko na stika ya twiga huku nyuma."

"Basi nitatafuta twiga."

Kwanza huwa kuna mizunguko ya kufuzu: kila mtoto anapimwa kwa saa, na mwenye muda mzuri ndiye huanza mbele. Binti yangu alitoka, na katika ile sehemu ndefu iliyonyooka alimpita msichana wa kofia ya manjano, ambaye kwa msimu mzima ndiye aliyekuwa akimpita hapo. Alimpita bila taabu. Mimi nilipiga makofi. Lakini alipoingia na kuvua kofia hakuwa na tabasamu.

"Mama, leo inakimbia."

"Si ndiyo vizuri?"

"Inakimbia sana." Aliitazama injini. "Sijafanya kitu tofauti."

Gari lilisukumwa hadi kwenye meza ya ukaguzi. Mkaguzi wetu ni mwanamke kijana wa ovaroli ya bluu, mpole, ambaye huzungumza na watoto kabla ya kuzungumza na wazazi wao. Aliangalia muhuri, ukawa sawa. Alifungua kabureta, akatoa kibati, akachukua pini yake ya chuma. Pini ile ni nene kidogo tu kuliko tundu linaloruhusiwa. Haitakiwi kupita.

Ilipita. Aliigeuza, akajaribu upande wa pili. Ikapita tena.

Baba alikuwa amesogea karibu, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupongezwa. "Umeona vile inang'aa?" alimwambia.

Mkaguzi alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Nimeona, mzee. Nani ameisafisha?"

"Ni mimi. Ilikuwa na makombo ya bati hapo kwa mdomo wa tundu. Mashine iliyoikata ilikuwa butu. Nimepitisha tupa ndogo ya mviringo, halafu msasa. Nimeiona na hili jicho jipya."

Nilimshika mkono. Nilimweleza polepole, kama ninavyoeleza mambo yote, kwamba makombo yale yalikuwa sehemu ya kipimo, kwamba alipoyaondoa tundu lilikua, na kwamba tundu hilo sasa si la daraja la mjukuu wake. Sijawahi kutamani nieleze vibaya, mtu asinielewe, ila siku hiyo.

"Ni kiasi gani nimetoa?" alimuuliza mkaguzi.

"Kidogo sana, mzee. Kama unywele."

"Na unywele ni makosa?"

"Hapa ndiyo."

Alivua kofia. "Huyu mtoto ataitwa mwizi?"

"Hapana," mkaguzi alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya pili. "Tumeiona kabla ya mbio. Muda wake wa kufuzu unafutwa, mnaweka kibati kingine, na anaanza nyuma ya wote. Hakuna jina lingine."

Baba alitikisa kichwa, akavaa kofia yake, akaenda kwenye gari letu. Nilimfuata. Alikuwa amejifungia kwenye kiti cha nyuma, na ile miwani myeusi ameishusha.

"Nitakaa hapa," alisema kupitia dirishani. "Nyinyi endeleeni. Mimi nisishike kitu kingine tena."

"Baba, hakuna aliyekukasirikia."

"Najua. Ndiyo maana nitakaa hapa."

Nilirudi. Pale kwenye mahema ya mbio watu huazimana vitu bila maneno mengi, spana, boliti, hata magurudumu, na baba wa yule msichana wa kofia ya manjano alikuwa ameshafika na kibati cha akiba.

"Shika. Mkimaliza mtarudisha."

"Unajua anakuja kumpita binti yako nacho," nilimwambia.

"Akitokea nyuma kabisa?" Alicheka. "Akimpita, nitamnunulia soda mwenyewe."

Tulifunga kibati kile. Pini haikupita. Tulisukuma gari kwenye mizani, binti yangu akaketi na ovaroli yake na kofia yake, tuone kama homa imetuachia uzito wa kutosha. Namba zilihangaika, zikatulia kwenye kiwango chenyewe na gramu kidogo sana juu yake.

"Tumetosha," nilisema.

Binti yangu alizitazama zile namba. Halafu alitazama kule gari letu lilikoegeshwa. "Ni sawa kabisa?"

"Ni sawa kabisa."

"Umau hauzangi unga hivyo," alisema. Akashuka kwenye mizani, akaenda zake kuelekea garini, ovaroli ikimpwaya, kofia ikining'inia mkononi kama ndoo.

Nilipowafikia alikuwa amefungua mlango na kuchuchumaa karibu na goti la babu yake.

"Umau, mizani imesema tumetosha. Lakini imetosha tu. Ni gorogoro ya kusawazishwa."

"Mama yako amesemaje?"

"Iko sawa."

"Basi iko sawa. Yeye ndiye anajua kitabu."

"Lakini gari itachoma petroli nikikimbia. Na mizani yenyewe wanapima tukishamaliza."

Kitabu ninakijua kwa moyo, lakini jambo hilo lilikuwa limenitoka kabisa. Akili yangu ilikuwa imekaa na Baba kwenye kile kiti cha nyuma.

"Wanapima mkimaliza?" Baba aliuliza.

"Ndiyo. Petroli ikiwa imeisha na mimi nimetoka jasho."

Aliinua miwani. "Mwaitu. Hapo kwa uzito, kitabu kinasema mtu asizidishe?"

"Hapana, Baba. Kinasema asipungue. Akizidi, hakuna wa kumuuliza."

"Sema tena."

"Akizidi, hakuna wa kumuuliza."

"Kwa hivyo hapo mtu anaweza kuongeza."

"Hapo peke yake."

"Itamfanya awe mzito."

"Kidogo."

"Ni mimi naendesha," binti yangu alisema. "Umau, kile kidogo uko nacho?"

Kopo la biskuti lilikuwa miguuni pake. Nadhani hakuwahi kwenda mahali bila hilo kopo, hata misa alilitia chini ya benchi. Alipekua kati ya spana, akatoa kile kipande cha risasi kilichojaa kiganja, akakipangusa kwa koti. Kisha alitoka nje ya gari, mguu mmoja, halafu mwingine.

Alikifunga mwenyewe, amepiga magoti kwenye vumbi na suruali ya kanisani. Kila alipokaza alisimama na kumtazama mkaguzi, aliyekuwa amekuja kusimama karibu. "Hivi inaruhusiwa?" Naye alijibu, "Inaruhusiwa, mzee. Kaza." Alipomaliza, mkaguzi alijaribu boliti kwa mkono wake, haikutikisika. Akaweka alama ya rangi juu yake.

Binti yangu alianza wa mwisho. Tulisimama kwenye ua wa waya, Baba amevua miwani kabisa, machozi yakimtiririka kwa ajili ya jua, au alisema ni jua.

"Ni yule?"

"Yule, wa nyuma."

"Nimeona twiga," alisema. Akashika waya kwa vidole vyote. "Nilikuwa namjua kwa masikio tu. Mbona ni mdogo hivyo?"

Kwenye sehemu ndefu alikuwa mzito, na nilimwona akiachwa kidogo na wenzake. Kwenye kona ndipo alipofanya kazi yake. Alimpita mmoja, akakaa nyuma ya mwingine mizunguko mingi akisubiri, akampita naye. Ile kona ya mwisho, ya shimo, hakuachilia mguu mapema. Baba alifumba macho walipopita hapo, akasikiliza, akayafumbua.

"Inapumua kwa taabu," alisema. "Lakini haikohoi."

Alimaliza katikati ya kundi, nyuma ya kofia ya manjano kwa urefu wa gari moja. Soda alinunuliwa hata hivyo, lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza magari yote yalipangwa yakisubiri mizani. Anayepungukiwa hapo anafutwa. Hakuna kona aliyopita vizuri itakayohesabiwa.

Alisukumwa juu. Uso wake uling'aa kwa jasho, nywele zimelowa. Baba alikuwa amevua kofia tena na kuishika kifuani. Namba zilihangaika, zikapanda, zikashuka, zikatulia.

"Imetosha," mkaguzi alisema. "Na kidogo juu."

Nilifanya hesabu kichwani, siwezi kujizuia. Ile kidogo ilikuwa ndogo kuliko kile kipande cha kiganja. Ukikitoa, tumepungukiwa.

"Hiyo kidogo ni kiasi gani?" Baba aliuliza.

Mkaguzi alifikiri namna ya kumjibu. Alikunja mkono wake kama mtu anayeshika unga.

Baba alitazama mkono ule. "Hiyo ni ya mtu," alisema.

Kile kibati alichokipiga msasa kilibaki kwa mkaguzi, ndivyo sheria ilivyo. Kabla hatujaondoka Baba aliomba aishike ile pini. Aliizungusha kati ya vidole, akaipima kwa ukucha, akairudisha kwa adabu. Nyumbani alinitaka nimsomee tena kifungu cha kibati, pole pole, pamoja na vipimo, na siku zilizofuata alichonga pini yake mwenyewe kutoka kwenye kipande cha chuma, akaikagua kwa kifaa cha maabara ya shule ya rafiki yangu mpaka ikawa sawasawa. Iko kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwa kitambaa.

Mwaka ulipogeuka binti yangu alipanda daraja. Injini ni ile ile, na muhuri ule ule. Kibati kipya kilifika kwenye bahasha ndogo. Baba alikitoa barazani, akakiinua kwenye mwanga.

"Sasa huyu anaanza kupumua," alisema.

"Kiko sawa, Umau?" binti yangu aliuliza.

Alikuwa amechonga pini nyingine kwa ajili ya daraja hilo, na sasa akaijaribu. Haikupita. Lakini nilimwona ameinamisha kichwa, akikisogeza kibati karibu na jicho lake zuri, na nilijua ameona nini. Nami niliinama nikaona: mdomo wa tundu ulikuwa na makombo, mashine iliyoukata ilikuwa butu kama ile ya kwanza. Kidole gumba chake kilipita juu ya ukali ule mara moja, halafu tena. Tupa ilikuwa pale pale, kwenye kopo, karibu na mkono wake.

Akampa mjukuu wake kile kibati vile kilivyokuja.